Swali la Tisa kwenye Fomu ya Wairimu

Ndugu yangu Kamau,

Nimerudi kutoka Waithaka sasa hivi na viatu vyangu bado vina udongo mwekundu wa kwenu. Nilisimama kwenye kaburi lako kama robo saa, kofia mkononi, nikashindwa kusema chochote. Homugadi mmoja, askari wa serikali wa kulinda kijiji, alikuwa nyuma yangu na bunduki yake, akingoja nimalize, na mimi siwezi kuzungumza na mtu wangu huku nasikilizwa. Kwa hiyo nimekaa chumbani kwangu mchana huu wa Jumapili, dirisha liko wazi, nakuandikia. Naandika kwa Kiswahili chetu kile cha melini, ulichokuwa ukikivunja kila siku mpaka nikachoka kukurekebisha.

Kuna jambo nililomfanyia binti yako Wairimu. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine, ingawa sijui huko mliko mnasikia habari kwa nani. Nitakueleza lilivyokuwa, na usinikatize kama ulivyozoea.

Kwanza ujue mambo yalivyo, maana ulituacha wakati mwingine kabisa. Ulipolala pale hospitali ukikohoa, wasiwasi wetu ulikuwa kifua chako tu. Tulikuzika, na mwaka haujaisha serikali ikatangaza Hali ya Hatari. Hungeitambua Waithaka. Watu waliondolewa mashambani mwao wakapangwa kwenye nyumba za udongo zilizobanana, mtaro ukachimbwa kuzunguka, na vijiti vilivyochongwa vikasimikwa ndani ya mtaro. Nyumba yako ya mabati, ile uliyoijenga kwa mikono yako uliporudi kutoka vitani, imebomolewa. Mama Wairimu anaishi safu ya tatu, mlango wake unatazamana na mlango wa jirani, na akitaka kwenda sokoni anaomba ruhusa. Mtu wa kabila lenu hapandi basi kuja mjini bila karatasi yenye muhuri. Mimi Mbukusu napita. Wewe ungesimamishwa kila kona, na medali zako mfukoni.

Mwanao Mwangi walimchukua. Naandika hivyo kwa ufupi kwa sababu sijui namna nyingine. Siku ya msako mkubwa alikuwa kazini, kwenye karakana ya seremala huku mjini. Walipangwa mstari wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani, gunia lenye matundu mawili ya macho. Alipofika Mwangi, gunia likainama. Ikawa basi. Hakuna aliyesema ni kwa kosa gani na mpaka leo hakuna aliyesema. Yuko kambini, mbali, kwenye joto, na huu ni mwaka wa tatu. Mwangi yule aliyekuwa akijificha chini ya kitanda ulipokuja likizo na sare yako nyeupe, akidhani wewe ni daktari wa sindano.

Sasa nije kwa Wairimu.

Baada ya wewe kufariki, chama chetu cha mabaharia wa vita kilipata ofisi katikati ya mji, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi saa. Nikaajiriwa karani. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu barua, kutunza daftari la wanachama, na kuandika yanayosemwa kwenye vikao. Mwenyekiti ni Kapteni, yule yule mrefu aliyekuwa akikagua vifungo vyetu kila asubuhi. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini vifungo bado anaviangalia. Mjumbe wa pili ni Bwana Desai, fundi mkuu wako wa chumba cha injini. Wa tatu ni Luteni mmoja wa zamani ambaye hakuwa katika meli yetu. Ana shamba nje ya mji na siku hizi ni polisi wa akiba.

Mwaka huu chama kiliamua kumsomesha mtoto mmoja wa baharia wa vita katika chuo kule Kampala, mpaka amalize. Mmoja tu. Nilipopiga taipu tangazo lile nilimfikiria yeye tu, kwa sababu Wairimu alikuwa amefaulu mtihani wake, wa pili katika shule nzima, na alikuwa amekaa nyumbani akichimba barabara kwa kazi ya lazima pamoja na wanawake wa kijiji. Nilimpelekea tangazo mwenyewe. Alilisoma akiwa amesimama na jembe begani, akalisoma tena, halafu akauliza kama wanakubali wasichana. Nikamwambia tangazo linasema mtoto. Msichana naye ni mtoto.

Alikuja ofisini Jumamosi moja na karatasi yake ya ruhusa, imekunjwa mpaka imekuwa kama stempu. Kamau, ana macho yako, yale ya kumtazama mtu mpaka aone aibu. Aliketi kwenye meza yangu akajaza fomu kwa mwandiko uliosimama wima. Jina la baba. Meli aliyotumikia. Kazi aliyofanya melini. Hapo aliuliza, nikamwambia andika mchochea moto wa boila, akatabasamu kidogo, maana alikuwa akidhani uliendesha meli. Ulimdanganya wewe mwenyewe, nakumbuka.

Akafika swali la tisa, na kalamu ikasimama.

Maswali manane ya kwanza yalipitishwa kikaoni. Niliandika kikao kile kwa mkono wangu. La tisa liliongezwa baadaye. Luteni aliliandika chini ya karatasi kwa wino wake akanipa nipige taipu, na karani haulizi. Lilisema: je, una ndugu yeyote aliyezuiliwa kwa sheria za Hali ya Hatari?

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo kwa siku kadhaa, na nilikuwa na jibu tayari. Nilimwambia aandike hapana.

Akasema, "Lakini Mwangi yupo, Baba Nekesa."

Nikamwambia, "Yupo nyumbani kwenu. Kwenye karatasi hii hayupo."

Alinitazama muda mrefu. Chini pale fundi saa alikuwa akigonga kitu, tik, tik, kisha akaacha. Wairimu akaandika hapana. Halafu akaiweka kalamu polepole kama kitu cha moto, akaniaga kwa heshima zote, akaenda kutafuta basi kabla muda wa karatasi yake haujaisha.

Mimi nilijiona mjanja. Nilijiambia kwamba nimemfungulia mlango, na kwamba wewe ungefanya vivyo hivyo. Huo wa mwisho ulikuwa uongo mbaya kuliko ule wa kwenye fomu, kwa sababu nilikujua.

Siku chache baadaye Luteni alipita ofisini, akaketi kwenye ukingo wa meza yangu, akataka orodha ya waombaji wote wanne pamoja na majina ya baba zao na mahali wanapotoka. Alisema ana rafiki zake polisi watayatazama. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeomba kiberiti. Nikapiga taipu orodha. Jina la Wairimu nililiweka la mwisho, sijui nilidhani hilo litasaidia nini.

Mahojiano yalikuwa bado siku tisa. Mara tatu nilifungua kabati nikaitoa fomu ile. Ningeweza kuichana, nikamwita aje ajaze nyingine, lakini tarehe ya mwisho ilikuwa imepita na kila fomu ilikuwa na namba. Ningeweza kwenda kwa Kapteni. Niliifikia ngazi ya nyumba yake kwa mawazo tu, kila siku, na kila siku nikageuka.

Jumapili iliyofuata nikaenda Parklands kwa Bwana Desai. Nilitembea kwa miguu ili nipate muda wa kupanga maneno. Alinikaribisha barazani, mkewe akaleta chai yenye tangawizi na viazi vya kukaanga, na kengele ya hekalu lao ilikuwa inalia upande wa pili wa barabara. Aliniuliza habari za watoto. Halafu, kabla sijafungua mdomo, akaanza kukuzungumzia wewe.

Aliniambia habari ya bomba la mvuke. Mimi siku ile nilikuwa juu, stoo, nilisikia kelele tu. Alisema bomba lilipopasuka watu wote walikimbilia ngazi, na wewe ukarudi ndani ukafunga valvu, ukaungua mkono. Hilo nilijua. Nisilolijua ni lililofuata. Alisema Kapteni alipouliza nani alipaswa kulikagua bomba lile, yeye Desai alikuwa tayari kusema chuma kilikuwa kibovu, na wote wangekubali. Wewe ukasema, "Ni mimi, bwana. Nilisahau." Ukakatwa likizo. Bwana Desai alicheka, akatikisa kichwa. Akasema angependa kuona binti wa mtu yule ana sura gani.

Nilikunywa chai yangu. Nikazungumza habari za mvua. Nikaaga, nikarudi nyumbani na maneno yangu yote tumboni.

Siku ya mahojiano ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Waombaji watatu walikuwa wameketi kwenye benchi la ukumbini kabla hata sijafungua ofisi: vijana wawili kutoka Pwani na mmoja wa Kisumu, wote wamevaa tai. Wairimu hakuwepo. Alikuwa aitwe wa pili. Nikamweka wa tatu. Nikashuka chini, nikatazama barabara upande huu na upande ule, nikapanda. Saa nne na nusu nikamweka wa nne. Kapteni akaniuliza kwa nini majina yanahama, nikasema nilikosea kupanga. Nikashuka tena. Mlinzi wa duka la fundi saa aliniambia amesikia mabasi ya kutoka Dagoretti yamesimamishwa njiani, watu wameshushwa.

Nilimwona kwa mawazo akiwa amechuchumaa kando ya barabara, mikono kichwani, mstari ukisogea mbele ya gunia. Gunia halijui habari za chuo. Linainama tu.

Saa tano na dakika kumi alitokea, anakuja haraka lakini hakimbii, kwa sababu mtu wa kabila lenu akikimbia mjini anapigwa risasi. Sketi yake ya bluu ilikuwa na vumbi magotini. Walikuwa wamechuchumazwa zaidi ya saa moja. Gunia lilikuwepo, akasema. Lilimtazama, na halikuinama. Alisema hivyo tu, akapangusa magoti kwa kitambaa, akaniuliza kama bado kuna nafasi. Nilitaka kumwambia pale pale ngazini kwamba Luteni ana orodha, kwamba wanajua au watajua. Sikumwambia. Mlango ulikuwa umefunguliwa na jina lake linaitwa.

Nikaingia nyuma yake, nikaketi pembeni na daftari langu.

Mwanzo ulikwenda vizuri sana. Kapteni alimuuliza kwa nini anataka kusoma, akasema anataka kufundisha hesabu, kwa sababu shuleni kwao mwalimu wa hesabu alikuwa akitoka mbali na mvua ikinyesha hakuna hesabu. Bwana Desai akampa swali moja la hesabu, akalijibu bila karatasi. Bwana Desai akanitazama, uso wote umefurahi. Mimi sikuweza kumtazama.

Kisha Luteni akafungua bahasha iliyotoka kwa rafiki zake polisi. Kila mtu pale alikuwa akisema Kiingereza, na Wairimu alikuwa akikisema vizuri kuliko mimi, lakini Luteni alimgeukia kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Wewe nasema hapana. Basi hii Mwangi ni nani?"

Wairimu akajibu kwa Kiingereza, sauti ya chini lakini imenyooka, kwamba Mwangi ni kaka yake na yuko kizuizini. Luteni akamuuliza ni nani basi aliyeandika hapana. Akasema ni yeye. Akaulizwa ni nani aliyemfundisha kuandika hivyo.

Hakunitazama, Kamau. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na hakugeuza hata jicho. Alisema, "Niliandika mwenyewe."

Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika kila linalosemwa, nikaandika: mwombaji anasema aliandika mwenyewe. Mkono uliandika kabla sijaamua. Niliyaona maneno yale kwenye ukurasa, kwa mwandiko wangu, wino haujakauka.

Luteni akasogeza karatasi nyeupe mbele yake na kalamu juu yake. Sasa alikuwa anasema Kiingereza, na alikuwa mpole tena. Akasema kosa la fomu linaweza kusahauliwa. Aandike tu kwamba amemkana kaka yake, kwamba hana uhusiano naye na hataki kuwa nao, atie sahihi, na kamati itaendelea kama kawaida. Wengi wamefanya hivyo, akasema, na hawakupata hasara.

Wairimu aliitazama karatasi ile. Nilifikiri, mtoto huyu amechuchumaa asubuhi hii vumbini, mama yake hana chochote, baba yake hayupo, andika tu mwanangu, andika. Ndiyo, nilifikiri hivyo hata wakati huo. Sikufichi.

Akaisukuma karatasi ikarudi katikati ya meza. Akasema, "Niliandika mara moja kwamba hayupo. Siandiki mara ya pili."

Nikasimama. Kiti kilianguka nyuma yangu. Kapteni akasema, bila kuinua sauti, kwamba karani hazungumzi kikaoni. Nikamwambia ninajua, bwana. Nikamwambia ni mimi niliyemwambia aandike hapana. Yeye alitaka kuandika kweli, kalamu ilikuwa mkononi, na mimi ndiye niliyemzuia. Nikasema pia kwamba nimeandika uongo kwenye daftari la kikao dakika mbili zilizopita na naomba ruhusa ya kuufuta.

Kapteni alinitazama kuanzia usoni mpaka kwenye vifungo vya koti. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza swali la tisa lilitoka wapi, maana yeye alipitisha manane. Luteni akasema aliliongeza, ni jambo la usalama, alidhani hakuna haja ya kuitisha kikao kwa mstari mmoja. Kapteni akaniagiza nilete faili. Nikamwekea mezani ile karatasi ya kwanza, manane ya taipu na la tisa kwa wino. Akaisoma pole pole, kidole kikifuata mistari. Halafu akatutoa nje, mimi na Wairimu.

Tuliketi kwenye benchi la ukumbini. Vijana watatu walikuwa wameondoka. Ndani sauti ya Luteni ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Wairimu akaniuliza kwa nini nimesema; angeubeba uongo ule mwenyewe, mkono ulikuwa wake. Nikamwambia mkono ulikuwa wake lakini uongo ulikuwa wangu. Baadaye akasema jambo ambalo limenikaa moyoni. Alisema ile Jumamosi alipotoka kujaza fomu alifika nyumbani akashindwa kula mbele ya mama yake, akasingizia tumbo.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Sijawahi kuogopa vile hata baharini, hata tulipokuwa tukizoa mabomu ya majini na kila mtu juu ya sitaha ya meli anasali kwa lugha yake. Kule kifo kilikuwa changu.

Luteni alitoka wa kwanza, kofia kichwani, akapita bila kutuona. Kisha Bwana Desai akatoka, akamshika Wairimu mikono yote miwili, akalia. Ni yeye aliyenieleza baadaye. Kapteni alichukua rula na wino mwekundu akalifuta swali la tisa kwenye fomu zote nne. Akasema hakuna mtoto wa baharia atakayehukumiwa kwa swali ambalo kamati haikuliuliza. Wakapima yaliyobaki, alama na majibu. Luteni akakataa, wawili wakakubali. Wairimu ndiye aliyechaguliwa.

Amepata, Kamau. Binti yako amepata.

Halafu Kapteni akaniita mimi ndani, peke yangu. Alikuwa amesimama dirishani. Aliniambia kwamba nilimshauri mtoto wa baharia mwenzangu atie sahihi uongo, na kwamba hana haja na karani wa namna hiyo. Alikuwa na haki. Sikubishana. Nilisafisha meza, nikamkabidhi funguo, na nilipofika mlangoni akaniambia kwamba anakukumbuka wewe.

Bila kazi sina kibali cha chumba hiki. Kesho napanda treni kurudi kwetu Bungoma. Binti yangu Nekesa ameandika kwamba mahindi yamestawi. Ruhusa ya Wairimu ya kusafiri ilipigwa muhuri Ijumaa, na ataondoka mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo leo nilikuja Waithaka kuaga, na hapa ndipo penye uzito zaidi kuliko chumba kile cha kamati.

Wairimu alikuwa amekwisha kumweleza mama yake kila kitu. Nilipoinama kuingia mlangoni, Mama Wairimu hakunipa mkono. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya. Nikasalimia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Akaacha kisu. Akasema, "Baba Nekesa, serikali ilimficha mwanangu. Wewe ulimfuta."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza nia yangu, jinsi nilivyompenda mtoto, jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba. Yote yalikauka mdomoni. Niliketi kwenye kigoda na kofia yangu magotini, naye akamenya viazi mpaka vikaisha, akavitia sufuriani, akachochea moto.

Ndipo akamwambia Wairimu alete karatasi. Akanipa mimi, siyo Wairimu. Alisema nimwandikie Mwangi. Yeye alisema kwa Kikuyu na Wairimu akanigeuzia Kiswahili, kwa sababu barua za kambini husomwa kwanza na wakubwa na zile za Kikuyu hurudishwa. Hivi ndivyo nilivyoandika:

Mwangi mwanangu, mimi ni mzima na dada yako ni mzima. Dada yako amepata chuo. Wakubwa watatu walimuuliza habari zako, akasema wewe ni kaka yake. Walimpa karatasi akukane, akairudisha. Nataka ulijue hilo ukiwa huko.

Akasema kuna mstari mwingine. Wairimu alisita kuugeuza, mama yake akamhimiza. "Andika: mwenye kuandika barua hii ni Wafula, rafiki wa baba yako, ambaye alisema hupo."

Niliandika. Neno kwa neno, na jina langu kamili. Aliichukua karatasi ile, na yeye hajui kusoma, akaitazama kila mstari kutoka juu mpaka chini kana kwamba anasoma. Akaikunja akaitia kifuani. Kisha akapakua viazi, sahani tatu, moja akaiweka mbele yangu. Tulikula. Hakusema amenisamehe na sikumuuliza.

Basi, ndugu yangu, umekwisha jua yote. Kama ungekuwa hapa ungenitukana kwanza, kwa Kiswahili chako kile kilichovunjika, halafu ungeniuliza kama nimekula. Ninaikosa sauti hiyo. Ninakukosa kila ninapoona mtu amevaa kofia upande kama wewe.

Bungoma haina gunia wala mtaro, na posta ipo. Kila mwezi, mpaka siku watakapomfungulia, Mwangi atapata barua kutoka kwangu, na juu ya bahasha nitaandika jina lake lote na jina lako, kwa herufi kubwa, ili kila anayeishika njiani alisome. Asipojibu nitaandika tena. Akija siku moja kunidai maelezo uso kwa uso, nitamfungulia mlango na kumpa kiti.

Pumzika, Kamau. Wairimu nimemwacha akifua sketi yake ya bluu.

Wako wa melini,
Wafula